Kabla Hujaandika make install: Vidokezo 13 vya Kujijengea Programu za Terminali

Kila anayetumia Linux anazijua amri hizi tatu: ./configure, halafu make, halafu sudo make install. Wengi huzinakili zote kwa mpigo, wakazibandika kwenye terminali, wakaenda kutafuta chai. Wakirudi, programu ipo. Ila imekaa mahali ambapo hawakupachagua, imebeba vitu wasivyovihitaji, na mara nyingi kile kitu kimoja kilichowafanya wahangaike kuijenga wenyewe hakimo. Ni kama kumpelekea fundi kitambaa ukaondoka kabla hajakupima.

Katika amri hizo tatu, ya kwanza ndiyo inayokupa nafasi ya kusema unachotaka. Zile mbili zinazofuata zinatekeleza tu. Ndiyo maana vidokezo vingi hapa chini vinahusu hiyo ya kwanza na maandalizi yake.

Mfano wetu ni Vim, kihariri cha matini ambacho Bram Moolenaar alikitoa kwa umma mwaka 1991 na ambacho mpaka leo utakikuta kwenye seva nyingi za Linux. Nimekichagua kwa sababu machaguo yake ya ujenzi ni mengi, makosa yake yanasomeka, na ukikosea hakuna kitakacholipuka. Mengi ya tutakayosema yanafaa pia kwa tmux, curl, Nano na ndugu zao wote wanaokuja na faili ya configure.

1. Hakikisha kwanza kwamba unahitaji kujenga

Andika vim --version. Chini ya namba ya toleo utaona orodha ndefu ya vipengele, kila kimoja kikiwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa mbele yake. +python3 maana yake programu-jalizi zilizoandikwa kwa Python zitafanya kazi. -clipboard maana yake ukinakili ndani ya Vim, hutaweza kubandika kwenye kivinjari chako. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia kama una shida ya kweli au una hamu tu.

Ukiwa kwenye Debian au Ubuntu, kumbuka kwamba Vim hugawanywa katika vifurushi kadhaa. vim-tiny ni ile ndogo kabisa ambayo mara nyingi huja na mfumo. vim-nox ina Python, Perl, Ruby na Lua bila dirisha la picha. vim-gtk3 inaongeza dirisha na ubao wa kunakili. Kama sudo apt install vim-gtk3 inamaliza tatizo lako, acha kusoma hapa uendelee na kazi zako. Hakuna aibu.

Jenga mwenyewe ikiwa unataka toleo jipya kuliko la distro yako, au mashine si yako na huna ruhusa ya sudo, au unataka mchanganyiko ambao hakuna aliyeufunga kwenye kifurushi. Kutaka kujifunza nako ni sababu tosha.

2. Okoa bando

git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git

Hilo --depth 1 si pambo. Bila hilo, git itakuletea historia nzima ya mradi, kiraka kwa kiraka, tangu enzi ambazo huna haja nazo. Ukiliweka, unaletewa hali ya leo tu, na siku ya kusasisha git pull itakuletea yaliyobadilika.

Weka msimbo kwenye folda yenye jina fupi lisilo na nafasi, kwa mfano ~/src/vim. Make na majina kama "Kazi za Ofisi 2" hawapatani.

3. Tayarisha vifaa, na usisahau -dev

Kwenye Debian na Ubuntu unahitaji build-essential, ambayo huleta kompaila na make, pamoja na libncurses-dev. Ukitaka Python, ongeza python3-dev. Kwenye Fedora mwisho wa jina hubadilika kuwa -devel: ncurses-devel, python3-devel. Mac itakutaka uanze na xcode-select --install.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaapa kwamba ncurses anayo, na kweli anayo, lakini anayo ile ya kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa. Kifurushi chenye -dev ndicho chenye faili ambazo kompaila inazisoma wakati wa kujenga. Ukikosa libncurses-dev, Vim itasimama pale inapotafuta tgetent() na kuandika NOT FOUND! kwa herufi kubwa, kisha itakutajia kifurushi unachotakiwa kusakinisha. Soma ujumbe huo hadi mwisho kabla hujakimbilia kuuliza watu. Mara nyingi jibu limo humo humo.

Ujumbe usipoeleweka, fungua config.log (kwa Vim imo ndani ya src/auto). Ni faili ndefu na ya kuchosha, lakini imeandika kila jaribio ambalo configure ililifanya na kosa lililotokea neno kwa neno. Tafuta sehemu iliyokwama, soma mistari michache juu yake.

4. Soma orodha ya machaguo kabla ya kuchagua

./configure --help | less

Chukua dakika kumi. Utaona makundi matatu. La kwanza linahusu mahali pa kuweka vitu: --prefix, --bindir, --mandir na wenzao. La pili ni --enable na --disable, kwa ajili ya vipengele vya programu yenyewe. La tatu ni --with na --without, kwa ajili ya vitu vya nje ambavyo programu inaweza kushirikiana navyo. Huo ni utaratibu wa Autoconf, zana ya GNU iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, na ndiyo inayotengeneza skripti nyingi za configure unazokutana nazo. Si kila mradi unaufuata kikamilifu. Vim, kwa mfano, inaweka ukubwa wa vipengele vyake vya ndani chini ya --with-features. Usikisie, soma.

Kuna mtego hapa ambao umewapotezea watu jioni nzima. Ukikosea jina la chaguo, configure haigomi. Andika --enable-python3 badala ya --enable-python3interp uone: katikati ya mamia ya mistari inayopita kwa kasi utaachiwa onyo tu, WARNING: unrecognized options, kisha kazi inaendelea kana kwamba hukusema kitu. Unamaliza kujenga, unafungua Vim, Python haimo, unaanza kulaumu Python. Dawa yake ni kuongeza --enable-option-checking=fatal. Hapo jina lisilojulikana linageuka kuwa kosa, na kazi inasimama papo hapo.

5. Amua programu itakaa wapi

Kama kuna kidokezo kimoja cha kuondoka nacho, ni hiki. Usiposema lolote, --prefix huwa ni /usr/local. Programu inaingia /usr/local/bin, kurasa za mwongozo na faili saidizi zinaingia /usr/local/share, na ili kuandika huko unahitaji sudo. Kwa seva unayoisimamia mwenyewe kwa ajili ya watu wengi, hapo ni mahali sahihi kabisa. Kwa laptop yako binafsi, au kwa mashine ya chuo ambako wewe ni mtumiaji wa kawaida, kuna mahali bora:

./configure --prefix="$HOME/.local"

Sasa kila kitu kinabaki nyumbani kwako. Huhitaji sudo, hutamharibia mwenzako mnayetumia naye mashine, na siku ukijuta unajua pa kufutia. Kuiendesha make install kwa sudo ni kuiruhusu skripti iliyoandikwa na mtu usiyemjua ifanye lolote ndani ya mfumo wako. Mara nyingi hakuna ubaya. Lakini kama hakuna ulazima, ya nini?

Mahali ambapo hupaswi kuiweka programu kamwe ni --prefix=/usr. Hiyo ni himaya ya apt au dnf. Siku kifurushi cha Vim kikisasishwa, faili zako zitafunikwa bila wewe kuulizwa, na utabaki na nusu ya kwako na nusu ya distro.

Baada ya hapo hakikisha ~/.local/bin imo kwenye PATH, tena mbele ya /usr/bin. Faili ya .profile ya Ubuntu huiongeza yenyewe ikiwa folda hiyo ipo wakati unaingia, kwa hiyo mara ya kwanza itabidi utoke na kuingia tena. Kisha uliza type -a vim, nayo itakuorodheshea kila Vim inayoonekana, ya kwanza ikiwa ndiyo itakayotumika. Na ukiona umesakinisha mpya lakini inafunguka ya zamani, andika hash -r kabla ya kuanza kubomoa ulichojenga. Bash hukumbuka njia ya amri iliyokwisha kuitumia, na hiyo amri inaifanya isahau.

Jambo moja zaidi: prefix inaandikwa ndani ya programu yenyewe. Tazama karibu na mwisho wa vim --version, utaona mstari unaoanza na fall-back for $VIM ukifuatiwa na njia ya folda. Huko ndiko Vim itakakotafuta faili zake za rangi, sintaksia na msaada. Kwa hiyo ukishasakinisha, usiihamishe folda kwa mv ukitegemea kwamba itafanya kazi vile vile. Kama unataka pahali pengine, jenga upya.

6. Chagua vipengele kwa kazi, si kwa tamaa

Vim ya sasa ina ngazi tatu: tiny, normal na huge. Jina huge linatisha bure. Kwa kompyuta ya leo tofauti ya ukubwa si ya kukunyima usingizi. Tiny ina maana kwenye vifaa vidogo kama ruta au mfumo wa dharura. Kwenye mashine ya kawaida, chukua huge usonge mbele.

Mambo yenye uzito ni yale yanayovuta maktaba nyingine. Dirisha la picha linavuta GTK na msururu wake wote. Kama unafanya kazi kwenye seva kupitia SSH, --enable-gui=no inatosha na ujenzi unakuwa mwepesi. Unaweza kwenda mbali zaidi kwa --without-x, lakini jua unachokipoteza: kwenye Linux, ubao wa kunakili wa Vim kwa kawaida hupitia X11, kwa hiyo ukiikata X na +clipboard inakwenda nayo. Kwenye seva hutaikumbuka. Kwenye laptop utaikumbuka kabla ya saa sita mchana.

Amri kamili kwa mtu anayeandika msimbo kwenye terminali inaweza kuwa hivi:

./configure --prefix="$HOME/.local" \
  --with-features=huge \
  --enable-python3interp=yes \
  --enable-gui=no \
  --enable-fail-if-missing \
  --enable-option-checking=fatal \
  --with-compiledby="Kitengo cha Tehama"

Chaguo la --enable-fail-if-missing ni la Vim yenyewe, na natamani kila mradi ungekuwa nalo. Kawaida ukiomba Python na faili zake hazipo, configure inaiacha Python kimyakimya na kuendelea. Ukiweka chaguo hili, inasimama na kukuambia. Lile la mwisho, --with-compiledby, halibadilishi utendaji wowote. Linaweka tu jina la mjenzi kwenye vim --version. Mkiwa ofisi moja yenye seva kumi, mtashukuru kujua ni nani alijenga nini.

Utasikia pia kwamba Vim inaweza kupangwa kwa kufungua src/Makefile na kuondoa alama ya # mbele ya mistari unayoitaka. Ni kweli, na faili hiyo imejaa maelezo mazuri ya kusoma. Lakini ukiihariri, git pull ya mwezi ujao inaweza kugoma kwa sababu umegusa faili yao. Kaa na machaguo ya ./configure.

7. Usihangaike sana na CFLAGS

Kuna watu wanaoamini kwamba ukiweka -O3 -march=native, kompyuta itapaa. Kwa programu inayosaga video au hesabu nzito, pengine utaona tofauti. Kwa kihariri kinachotumia muda mwingi kukungoja wewe ubonyeze herufi, hutaiona.

Ukiamua kuweka, jua mambo mawili. Kwanza, desturi ya Autoconf ni kutumia -g -O2 pale tu ambapo hukuweka CFLAGS yako. Ukiandika CFLAGS="-march=native" peke yake, unaweza kuwa umeipoteza ile -O2 na kupata programu ya polepole kuliko uliyokuwa nayo. Andika yote: CFLAGS="-O2 -march=native". Pili, -march=native inajenga kwa ajili ya prosesa hii uliyokalia. Ukiinakili programu hiyo kwenye flashi na kuipeleka kwenye kompyuta ya zamani, huenda ikafa kwa ujumbe wa maneno mawili, Illegal instruction, bila maelezo zaidi.

8. Make inaangalia saa, nawe iangalie

Make iliandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976, na kanuni yake haijabadilika: inalinganisha muda wa faili, na chochote ambacho chanzo chake ni kipya kuliko matokeo yake kinajengwa upya. Kingine kinaachwa.

Faida yake kwetu ni kubwa. Umeme ukikatika katikati ya ujenzi, huanzi upya. Ukirudi, andika make tena na itaendelea na kilichobaki. Kama italalamikia faili moja ya .o iliyokatwa nusu, futa hiyo tu.

Hasara yake inawapata wenye kompyuta za mtumba ambazo betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa. Kila ikiwashwa, tarehe inarudi miaka kadhaa nyuma. Make inakuta faili "za siku zijazo", inaandika Clock skew detected, na baada ya hapo huwezi kuamini imejenga nini na imeacha nini. Rekebisha tarehe kwanza.

Kuharakisha, tumia make -j pamoja na idadi ya viini, nproc itakutajia. Mashine yenye GB 1 au 2 za RAM isizidi -j2. Na usiandike -j bila namba, kwa sababu hapo unaiambia ianzishe kazi zote inazoweza kwa wakati mmoja.

9. Ijaribu kabla hujaisakinisha

make test ipo kwa ajili hiyo (miradi mingine huiita make check). Majaribio ya Vim ni mengi na huchukua muda; yaache yaende huku unafanya jambo jingine.

Unaweza pia kuiendesha programu pale pale ilipojengwa. Ingia src, andika ./vim, na kama hujawahi kusakinisha toleo hilo huenda ukapokewa na E1187: Failed to source defaults.vim. Usiogope. Programu ni nzima. Inatafuta faili zake kule kwenye prefix ambako bado hujazipeleka. Ielekeze kwa muda:

VIMRUNTIME=../runtime ./vim

Kisha andika :version na uhakikishe alama za kujumlisha ziko pale ulipozitaka. Kugundua kasoro sasa ni nafuu kuliko kuigundua baada ya kusakinisha.

10. Tazama kitakachoingia, na ujue kitatokaje

make install DESTDIR=/tmp/onja itasakinisha kila kitu chini ya /tmp/onja, ikiiga njia kamili za prefix yako, bila kugusa mfumo. Pita humo na find uone. Hii ndiyo njia inayotumiwa na watengenezaji wa vifurushi vya distro, na inafaa pia kwa yeyote anayetaka kuona kabla ya kukubali. Usichanganye na prefix: prefix ni mahali ambapo programu itaishi, DESTDIR ni mahali pa kuiweka kwa muda ikisubiri kuhamishwa.

Vim ina make uninstall. Miradi mingi haina, au inayo na haifanyi kazi sawasawa. Suluhisho ninalolipenda ni GNU Stow. Unaipa kila programu folda yake, kwa mfano --prefix="$HOME/vifurushi/vim-9.1", halafu:

stow -d ~/vifurushi -t ~/.local vim-9.1

Stow inatengeneza viungo kutoka ~/.local kwenda kwenye folda ile. Ukiongeza -D mbele ya jina, viungo vyote vinaondoka. Ukitaka kurudi toleo la zamani, ondoa viungo vya jipya, rudisha vya zamani.

11. Andika amri yako kwenye faili, maana utairudia

Hiki ndicho wauza ndoto wa "jenga mwenyewe" hawakisemi. Ukishajenga kutoka msimbo chanzo, apt haikujui tena. Kasoro ya kiusalama ikigunduliwa kwenye Vim, na hugunduliwa mara kwa mara, watumiaji wa kifurushi cha distro watapata kiraka katika sasisho lijalo. Wewe utabaki na Vim yako ya mwaka juzi mpaka uamue kuinuka. Kujenga ni kukubali cheo cha mtunzaji, bila mshahara.

Kwa hiyo tengeneza skripti, iite jenga.sh, na uandike ndani yake mlolongo mzima: git pull, make distclean, ile ./configure yenye machaguo yako yote, make -j2, make install. Iweke nje ya folda ya msimbo ili isifutike. Make distclean humo ni ya lazima, kwa sababu Vim huhifadhi matokeo ya uchunguzi wa configure kwenye src/auto/config.cache. Ukisakinisha python3-dev leo bila kusafisha, inaweza kuendelea kushikilia jibu la jana kwamba haipo.

Umeshajenga na umesahau ulitumia machaguo gani? Mwanzoni mwa config.log kuna mstari unaoanza na alama ya dola, na mbele yake ni amri ya configure pamoja na machaguo uliyoyaandika. Ukikuta folda bado haijafutwa, umepona.

12. Ukikuta hakuna faili ya configure

Usigeuke nyuma. Mradi ukiwa na CMakeLists.txt, prefix inaitwa -DCMAKE_INSTALL_PREFIX na aina ya ujenzi ni -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release; cmake -LH itakuorodheshea machaguo pamoja na maelezo yake. Ukiwa na meson.build, ni meson setup build --prefix=..., na meson configure build inakuonyesha yaliyomo. Za Rust hutumia cargo: --root ndiyo prefix yao, --features ndiyo --enable yao. Ripgrep, kwa mfano, inajengwa na --features pcre2 ukitaka usakaji wenye nguvu zaidi. Maswali ni yale yale mawili, wapi na nini, majina tu ndiyo yanabadilika.

13. Soma leseni, kwa sababu unayo mkononi

Ukipakua msimbo chanzo, leseni inakuja nao. Ya Vim inakuruhusu kuitumia na kuinakili utakavyo, na ina masharti kwa anayesambaza toleo alilolibadilisha. Ukijenga kwa matumizi yako tu, huna cha kuhofia.

Lakini leseni hiyo ina ombi ambalo halimo kwenye leseni nyingine nyingi. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kufanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale, eneo la Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, sehemu iliyoumizwa vibaya na UKIMWI. Tangu hapo aliwaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto wa huko. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, lilitolewa kwa kumbukumbu yake, na mradi unaendelea chini ya watunzaji wengine. Ukimaliza kujenga, fungua Vim yako na uandike :help uganda. Maelezo ya kituo yamo humo, pamoja na namna ya kuchangia. Yasome, na kama unacho cha kutoa, toa.